Shanta Mgongoni: Kuiona Nchi Tunayoishi kwa Fedha Kidogo



Muhula uliopita wanafunzi wa miaka 10 hadi 12 walipewa insha yenye kichwa "Nchi ninayoishi". Mmoja wao, aliyezaliwa hapa Riyadh, aliandika mistari sita tu. Alitaja nyumba yao, shule yake, duka kubwa wanalokwenda Ijumaa jioni, na uwanja wa ndege, "mahali pa kuondokea kwenda kwetu". Kiswahili chake kilikuwa sawa na sikuona la kusahihisha, ila nilibaki nimeishika ile karatasi. Miaka 11 ya maisha ya mtoto, na nchi nzima imekuwa vitu vinne.

Nilipozungumza na mama yake alinijibu kwa upole: "Mwalimu, sisi hapa ni wapita njia. Kila riyali ina kazi yake: tiketi za likizo, ada za wadogo zangu, na nyumba tunayojenga." Maneno yake ni ya kweli, na wengi wetu hapa Al-Suwaidi tungejibu hivyohivyo. Lakini mtoto hana utoto mwingine uliowekwa akiba mahali. Huu wa hapa ndio wake. Akiulizwa ukubwani alikulia wapi, itakuwa vibaya akiwa hana la kusimulia, si la Mombasa, si la Tanga, wala la Riyadh.

Makala hii inaeleza jinsi familia, au vijana wakiwa na mtu mzima, wanavyoweza kuitembea Saudia kwa mkoba wa mgongoni na fedha kidogo, na hasa jinsi ya kuonana na wenyeji.

Tuanze na neno

Mkoba unaobebwa mgongoni kwa Kiswahili unaitwa *shanta*. Watoto, nyinyi mnalisikia neno hilo kila siku shuleni, kwa sababu Waarabu nao husema shanta wakimaanisha mfuko au begi. Neno *safari* nalo ni ndugu wa safar ya Kiarabu, *rahisi* ni ndugu wa rakhis, *ghali* ni ghali, na *bilashi* inatokana na "bila shay", yaani bila kitu. Kwa hiyo anayejua Kiswahili akiingia sokoni hapa hayuko mtupu, ana akiba ya maneno kabla hajasoma sarufi yoyote.

Msafiri aliyetutangulia

Kusafiri kwa mzigo mdogo na kutegemea ukarimu wa watu si jambo jipya. Ibn Battuta aliondoka kwao Tangier, Morocco, mwaka 1325 akiwa na miaka 21. Baada ya kuhiji na kukaa Makka, alipanda chombo hapa Jeddah, akapitia Yemen, na mwaka 1331 akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Hakuwa tajiri. Kila alipofika alipokelewa na kadhi, sultani au mfanyabiashara wa mji, akalishwa na kulazwa.

Kumbukumbu zake zinapendeza kwa sababu aliandika mambo madogo. Pale Mogadishu alikumbuka wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Mombasa aliona watu wakiosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Kilwa alimsifu sultani wake kwa ukarimu. Tunajua mengi juu ya pwani yetu ya karne ya 14 kwa sababu mgeni mmoja aliketi na wenyeji, akala nao na akauliza maswali. Nasi sasa ndio wageni, na wenyeji ni hawa jirani zetu.

Anzeni karibu: al-Ahsa kwa treni

Msianze na safari ya siku kumi. Anzeni na siku moja au mbili. Kutoka Riyadh kuna treni ya kwenda Dammam inayosimama Hofuf, mji mkuu wa eneo la al-Ahsa. Reli ya kati ya Riyadh na Dammam ilifunguliwa mwaka 1951, na leo safari ya hadi Hofuf huchukua takriban saa mbili na nusu. Kufika kituoni panda metro kadiri inavyokufikisha: tiketi ya kawaida ya saa mbili ni riyali 4, na laini ya rangi ya chungwa inapita upande wetu wa mji. Kaa dirishani uone mchanga unavyobadilika rangi, na pengine ngamia.

Al-Ahsa ni chemchemi kubwa ya jangwani yenye mitende ipatayo milioni 2.5. UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuna soko la zamani la Qaisariah, ambako hata asiyenunua kitu ataona washonaji wa bisht, lile joho la heshima. Kuna mlima wa al-Qarah wenye mapango ambayo ndani yana ubaridi hata nje jua likiwaka. Karibu na mlima huo wako wafinyanzi wanaotengeneza mitungi kwa mkono. Onjeni mkate mwekundu uliokandwa na tende.

Tena al-Ahsa inatuhusu. Mreno João de Barros, aliyeandika katika karne ya 16, alisimulia juu ya ndugu saba waliokimbia mji alioutaja kuwa uko karibu na Bahrain, wakavuka bahari kwa merikebu na kujenga Mogadishu na Barawa. Wanahistoria huona kwamba mji huo ni al-Ahsa. Ni masimulizi ya kale, na huenda mambo hayakwenda hivyo hasa. Lakini mtoto aliyesimama chini ya mitende ya Hofuf akijua kwamba watu wa Barawa, wenye Kiswahili chao cha Chimwiini, walihusishwa na mahali hapo, ataiona mitende hiyo kwa jicho jingine.

Mkiwa Jeddah: Balad kwa miguu

Familia zetu za Jeddah zina bahati, kwa kuwa safari yao ya kwanza haihitaji hata tiketi ya treni. Mji mkongwe, al-Balad, uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2014. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, na mbele zimepambwa kwa roshani, yale madirisha makubwa ya mbao yanayotokeza nje. Wenyewe huziita rawashin, wingi wa roshan. Neno ni lilelile.

Mkifika nyumba ya Nassif, iliyojengwa kati ya 1872 na 1881, tazameni mti mkubwa ulio mbele yake. Zamani nyumba hii ilijulikana kama nyumba yenye mti, maana miti ilikuwa adimu mjini. Mti wenyewe ni mwarobaini! Waambieni watoto kwamba jina la mwarobaini lina "arubaini" ndani yake, na kwetu husemwa kuwa unatibu maradhi arubaini.

Wapo kati yetu dada wanaofanya kazi majumbani, ambao hata siku moja ya mapumziko ni ya kuomba. Kwao alasiri moja ya Balad, chupa ya maji na mwenzake wa kuzungumza naye, ni safari kamili. Safari haipimwi kwa kilomita.

Safari ndefu: milima ya Asir

Mkishazoea, nendeni kusini. Abha, mji mkuu wa mkoa wa Asir, uko karibu kilomita 1,000 kutoka Riyadh. Mabasi ya masafa huondoka jioni na kufika asubuhi, kwa hiyo usiku mmoja wa malazi mnauokoa mkiwa njiani. Chukueni sweta ndani ya basi, kwa sababu kiyoyozi hakina huruma.

Abha iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Soudah vilivyo jirani vinakaribia mita 3,000. Mwezi Julai, Riyadh inapopita nyuzi 43, Abha huwa karibu na 30, na alasiri mvua inaweza kunyesha. Mashamba yamekatwa ngazi kwa ngazi kwenye miteremko, na ukungu hupanda kutoka bondeni. Mzazi aliyekulia Lushoto au Limuru atasimama kimya kidogo. Na ana sababu: miti inayofunika milima ile, wenyewe huiita ar'ar, ni spishi ileile inayoota katika milima ya Kenya na Usambara, ambayo kwetu huitwa mtarakwa au mwangati.

Kuna mambo mawili ambayo msiyakose. La kwanza ni al-Qatt, sanaa ya wanawake wa Asir ya kuchora mistari, pembetatu na maumbo ya rangi kali kwenye kuta za ndani, hasa za chumba cha wageni. UNESCO iliitambua mwaka 2017. Zamani mwenye nyumba aliwaita ndugu na majirani zake wa kike, wakubwa kwa wadogo, waje wamsaidie, na wasichana walijifunza kwa kushika brashi pembeni ya wakubwa. Ni ujima kabisa, kama wanawake wetu wanavyokusanyika kupika shughuli.

La pili ni kijiji cha Rijal Almaa, chenye majumba marefu ya mawe yaliyopambwa kwa vijiwe vyeupe. Makumbusho yake yalianzishwa na wanakijiji wenyewe, wakachangia vitu vya nyumbani kwao. Basi la abiria halitawafikisha huko kwa urahisi. Tafuteni familia nyingine hapo mlipofikia, mkodi gari pamoja na mgawane gharama. Barabara inateremka kwa kona kali, kwa hiyo anayetapika garini akae mbele.

Hesabu ya mfukoni

Tuseme familia ya watu wanne inaweka kando riyali 150 kila mwezi. Baada ya miezi 10 ina riyali 1,500. Kwanza toeni moja ya tano, riyali 300, ziwe akiba isiyoguswa ila kwa dharura. Kisha toeni riyali 300 za chakula cha siku tatu, yaani riyali 100 kwa siku. Zinabaki 900 za nauli, malazi na gari la kukodi. Mkiulizia bei na zikazidi 900, msiguse akiba. Punguzeni usiku mmoja, au badilisheni Asir iwe al-Ahsa. Watoto wakubwa wapeni hesabu hii waifanye wenyewe. Watajifunza zaidi ya walivyojifunza kwenye kitabu, na hawatauliza tena kwa nini hamkununua kila walichokiona.

Njia za kupunguza gharama zinajulikana. Kateni tiketi mapema. Epukeni katikati ya likizo ya kiangazi na sikukuu, wakati nusu ya nchi inakimbilia Abha na bei za vyumba hupanda. Oktoba au majira ya kuchipua panafaa zaidi. Badala ya hoteli tafuteni fleti za kupanga zenye jiko, zinazoitwa shuqaq mafrusha, mpike chai na uji wenu. Asubuhi, ful na mkate wa tamis hushibisha watu wengi kwa fedha kidogo. Mchana, sahani moja kubwa ya kabsa mnaizunguka pamoja, kama sinia la pilau nyumbani.

Na shanta iwe nyepesi: nguo mbili za kubadili, sweta, viatu vya kutembelea, kofia, chupa ya maji, dawa za mwenye maradhi, na daftari la kila mtoto.

Kuketi na wenyeji

Hapa ndipo wengi wetu tunaogopa. Tunasema hatujui lugha vizuri, au watatuonaje. Ukweli ni kwamba adabu za hapa na adabu zetu zinafanana sana, na anayezijua hupokelewa.

Anza na salamu, kisha uliza hali. Usikimbilie haja yako. Watoto waelekezwe kumwita mzee wa kiume "ya amm" na mama mtu mzima "ya khala". Watu wa pwani tayari wana *ami* na *halati*, kwa hiyo hilo si geni.

Ukikaribishwa kahawa, jua taratibu zake. Kahawa yenyewe ni nyepesi, ina iliki, na huletwa pamoja na tende. Birika lake huitwa dalla, nasi tunaliita *dele*. Kikombe ni finjan, kwetu *finjani*. Mwenye kumimina hushika dele kwa mkono wa kushoto na kukupa finjani kwa mkono wa kulia. Nawe pokea kwa kulia. Hujazwa kidogo tu, kama robo, ili isikuunguze na ili aendelee kukuhudumia. Usidhani ni ubahili! Kila ukimaliza utaongezewa. Ukitosheka, tikisa kikombe kidogo kulia na kushoto unapokirudisha. Asiyejua jambo hili hunywa mpaka moyo unamdunda.

Usiende mikono mitupu. Pakiti ya majani ya chai ya Kericho au karafuu za Pemba hazina uzito ndani ya shanta, na zinafungua mazungumzo: zinatoka wapi, zinalimwaje, kwenu kukoje. Hapo mtoto ndiye anayefaa kueleza, kwa sababu Kiarabu chake cha shuleni mara nyingi kinamshinda mzazi. Nimeona mtoto aliyekuwa akiona haya kusema Kiswahili mbele ya wenzake akieleza kwa fahari karafuu inavyoanikwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu mzima asiye wa kwao alimuuliza kwa hamu ya kweli.

Usimpige mtu picha bila ruhusa, na wanawake hasa. Kina mama na wasichana mara nyingi watakaribishwa upande wao, na huko ndiko wanakosikia habari nyingi kuliko sisi. Na msikae mno. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Tahadhari

Kila mtu mzima awe na iqama yake, na za watoto zisisahaulike. Mahali pa kulala wataziomba. Huko Asir mvua ikianza, tokeni mabondeni. Maji hushuka ghafla kwenye wadi hata kama hapo mlipo ni pakavu, na gari halishindani nayo. Nyani ni wengi milimani: wafungieni vioo na msiwape chakula, kwani hujifunza kunyang'anya. Jangwani msiache barabara kuu. Mjulisheni jirani au mwalimu mnakokwenda na siku ya kurudi.

Kwa wanaobaki nyumbani

Si kila familia itasafiri mwaka huu, na hakuna aibu katika hilo. Mwishoni mwa mwaka 2024 Bustani ya Suwaidi, hapa mtaani kwetu, ilikuwa na wiki za utamaduni za India, Ufilipino, Indonesia, Pakistani, Sudan na jamii nyingine. Walio hudhuria walionana na nusu ya dunia na kurudi nyumbani kulala. Wiki za namna hiyo zikirudi, nendeni. Na hata bila hizo, mwenye duka la chini ana kwao. Muulizeni.

Kazi ya watoto

Tafuteni maneno kumi mnayoyasikia kwa Waarabu ambayo yapo pia katika Kiswahili, mkiacha yale yaliyotajwa hapa. Kisha zungumzeni na mtu mmoja asiye wa nyumbani kwenu, mzazi akiwa karibu: mlinzi, muuza tende, bibi wa ghorofa ya juu. Muulizeni alikulia wapi na alikuwa akila nini utotoni. Andikeni ukurasa mmoja wa Kiswahili, muulete Jumamosi ijayo.

Yule mwanafunzi wa mistari sita alikwenda al-Ahsa na wazazi wake wakati wa mapumziko, kwa treni, wakarudi siku hiyohiyo. Insha yake mpya ina kurasa mbili, na nusu ya ukurasa ni juu ya mzee mfinyanzi aliyemruhusu kuweka mkono kwenye udongo unaozunguka. Mama yake ameniambia kwamba nyumba ya kwao bado inajengwa.